Tanuri Katika Shamba la Bibi Yustina

Jumatatu, 2 Juni

Baridi tena. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vinagoma kushika kalamu. Maji ya kuoga nilichemsha, yakapoa kabla sijamaliza kuvua nguo. Wiki ya sita hii Sumbawanga. Nilikuja na kandambili na magauni ya Dar. Ujinga.

Siku nzima nimekaa chumbani na mavi ya chuma. Napima kipande, naandika namba, nakifunga kwenye mfuko, nachukua kingine. Mama Oliva, mwenye nyumba wangu, amechungulia mlangoni akauliza kama hayo mawe yana thamani. Nikamwambia ni taka zilizobaki zamani Wafipa walipokuwa wakiyeyusha chuma. Akauliza kwani Kenya hakuna taka mpaka nifuate za huku.

Ninachotaka hasa si taka. Nataka tanuri lenyewe, lililosimama. Wenyewe wanaliita ilungu. Nimeshaonyeshwa manne na yote yamebaki vichuguu tu, ng'ombe wanajikuna hapo. Dokta, msimamizi wangu kule chuoni Dar, anasema nisipopata lililosimama nitaandika tasnifu ya vichuguu.

Situlii. Nakaa dakika kumi, nainuka. Leo nimetembea mpaka stendi na kurudi bila shughuli yoyote. Nimenunua ndizi nisizozitaka. Nimezila zote.

Alhamisi, 5 Juni

LIPO!

Niandike kwa utaratibu. Basi dogo la alfajiri mpaka kijiji cha Kate. Pale nikamkuta Deo, dereva wa bodaboda ambaye wiki iliyopita alinipeleka kwenye kichuguu cha nne na kuniona nikikaribia kulia. Akasema dada Mkenya, nimekuulizia, kuna bibi mmoja ana kitu shambani. Tukaenda. Njia mbaya, upepo unakata masikio. Tukashuka kwenye pikipiki, tukapita katikati ya mahindi makavu, Deo akanyoosha mkono.

Lina urefu wa karibu watu wawili. Jekundu kama chungu kilichoiva. Limepasuka upande mmoja tu, juu. Matundu ya chini ya kupitishia hewa yote yanaonekana. Nimelizunguka mara tatu nikicheka peke yangu.

Shamba ni la Bibi Yustina. Mjane, sabini na kitu, mwembamba, ana sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe. Nilimpa shikamoo, nikampa barua ya kibali. Hakuisoma. Alimuuliza Deo kwa Kifipa mimi ni mtoto wa nani. Deo hakujua. Nikasema naitwa Nekesa, natoka Bungoma, kwetu tunalima mahindi na wimbi. Wimbi? Wakatazamana. Nikaeleza nafaka ile nyekundu, ndogo, ya uji. Bibi akapiga makofi: "Ulezi! Kumbe na ninyi mnakula ulezi!" Basi. Nikawa mjukuu.

Kapime, kapime, akasema, lakini kwa sharti moja. Kila ukimaliza kazi, ondoa vitu vyako vyote. Kijiti kisibaki, kamba isibaki. Akaeleza kwamba watu wakiona mahali pamewekwa alama wanafikiri pana mali iliyofukiwa na Mjerumani. Watachimba.

Nikaahidi. Nilikuwa na furaha hata angeniambia nipime kwa kutambaa ningekubali.

Jumapili, 8 Juni

Misa ya kwanza na Mama Oliva. Ananitaka kwenye kwaya. Nimesema sauti yangu ni mbovu, akasema ya kwake pia, ndiyo maana wanaimba wengi.

Nje ya kanisa mzee mmoja nisiyemfahamu ameniuliza, "Umepata?" Nimepata nini, baba? Akatabasamu, akaniambia sisi watu wa vyuo tuna ramani. Sijui habari zimefikaje. Nilimwonyesha Mama Oliva picha tu. Labda na muuza vocha.

Mchana mrefu. Nimefua, nimeanika, upepo umeangusha, nimefua tena. Wenzangu Dar walinitania kwamba Sumbawanga nitarogwa. Hakuna aliyenionya kuhusu Jumapili.

Jumanne, 10 Juni

Siku nzuri ya kazi. Nimechomeka vijiti kuzunguka tanuri, nimevuta uzi mwekundu kutoka kijiti hadi kijiti, nikapata miraba ya kuchorea. Kuviweka sawa kumenichukua nusu siku, maana ardhi imeinama na upepo unasukuma uzi. Deo anashika mwisho wa futi, anasoma namba kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Akisikia "mavi ya chuma" anacheka mpaka anakaa.

Bibi ameleta ugali wa ulezi na maharage. Amekula nasi, akiwa amelipa tanuri mgongo. Kasimulia. Babu wa marehemu mumewe alikuwa mmoja wa waliolijenga. Wakati wa kuyeyusha wanaume walilala huku huku, wake zao hawakuruhusiwa kusogea, na chini kabisa kulifukiwa dawa. Dawa gani? Hajui. Yeye ni mwanamke, hakuambiwa. Mumewe naye aliambiwa kidogo tu. Lakini miaka yote ya ndoa yao alilima akilikwepa, na ng'ombe wa plau wakazoea kukata kona wenyewe bila kuambiwa.

Alikuwepo pia Fidelis, mtoto wa shemeji yake, ndiye anayemlimia sasa. Mtu wa miaka arobaini hivi, hasemi. Bibi akasema mbele yake kwamba Fidelis angelibomoa zamani ili trekta ipite. Fidelis hakukataa. Aliinuka akaenda kuendelea kuvunja mahindi.

Jioni niling'oa vijiti vyote. Kesho nivichomeke upya. Nusu siku nyingine.

Jumatano, 11 Juni

Nimechomeka. Nimepima kidogo. Nimeng'oa. Mikono imepasuka kwa baridi.

Ijumaa, 13 Juni

Dokta ameandika. Picha zimemfurahisha. Anataka mchoro kamili kabla mwezi haujaisha, na anasema likichorwa vizuri hili ndilo litakalokuwa tasnifu, mengine yote pembeni. Nimeusoma ujumbe mara nne nikiwa juu ya pikipiki.

Neema naye ameandika. Tulisoma darasa moja mwaka wa kwanza, sasa yuko Matai kwa mafunzo ya ustawi wa jamii. Kesho wanakwenda Kasanga, ziwani, kulala na kurudi Jumapili. Njoo, amesema, utageuka jiwe huko juu.

Mwili wote ulisema ndiyo. Wiki saba sijagusa maji ya vuguvugu.

Lakini gari la mwisho la kutoka Kate linaondoka saa tisa. Kufika saa nane nilikuwa nimebakiza upande mmoja tu. Kung'oa vijiti vyote, kufunga nyuzi, Jumatatu kuanza upya. Bibi alikuwa ameenda kwenye sala za jumuiya. Fidelis hakuwepo. Nikakunja karatasi, nikafunga begi.

Deo akauliza, "Dada, na vijiti?"

Nikasema Jumatatu. Siku mbili tu, nani atakuja huku.

Akawasha pikipiki.

Nimeandika haya nikiwa nimefungasha taulo. Sina raha sana lakini ninaenda.

Jumamosi, 14 Juni

Kasanga! Barabara inashuka, inashuka, na kila kona unavua kitu: kwanza kofia, halafu sweta, halafu nyingine. Kufika chini jasho. Ziwa bluu kama limepakwa rangi. Ng'ambo ni Kongo, haionekani leo, kuna ukungu.

Nimeoga ziwani na nguo. Neema ameogopa, amebaki miguu majini akipiga kelele. Tumekula mgebuka wa kuchoma kwa mikono, wa moto, na limau. Nilimwambia muuzaji "nipe samaki mwingine" na watu wakacheka. Neema akanifundisha kwa mara ya mia: naomba, sema naomba. Huku hata ukinunua unaomba.

Nimecheka leo kuliko mwezi mzima. Niandike hivyo, ni kweli.

Jumapili, 15 Juni

Tumerudi. Ngozi inawasha, jua limenichoma mabega. Nyumba baridi. Mama Oliva ameniwekea uji. Kesho namaliza upande uliobaki.

Jumatatu, 16 Juni

Limeanguka.

Deo hakunisalimia vizuri stendi ya Kate. Alisema twende. Nilijua.

Wamechimba shimo katikati kabisa ya miraba yangu, kina cha mtu mpaka kiunoni, mpaka chini ya ukuta. Ukuta ukakosa pa kusimama. Nusu imeanguka ndani ya shimo, nusu imemwagikia mahindi. Vipande vyekundu kila mahali, vibichi, vumbi bado linapeperuka. Vijiti hakuna. Uzi hakuna. Wamevitupa au wamevichukua, sijui. Ndani ya shimo hakuna kitu. Udongo.

Bibi alikuwa ameketi juu ya kiroba cha mahindi. Hakulia. Kanga yake imejaa vumbi jekundu mpaka magotini, bila shaka alishuka shimoni kuangalia. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo, na majirani kama kumi. Na Fidelis, amesimama mbali kidogo.

Mwenyekiti akaniuliza. Niliyaandika moyoni maneno yote, niyaweke hapa.

"Binti, Ijumaa uliacha alama yoyote hapa?"

Na mimi nikasema, "Hapana. Niliondoa kila kitu."

Ilitoka haraka hivyo. Niliona kibali changu, Dokta, Dar, mama yangu akiambiwa. Nikasema hapana. Deo alikuwa anaangalia gurudumu la pikipiki yake.

Basi wakageuka wote kumtazama Fidelis. Kama hakukuwa na alama, anayejua mahali ni nani? Anayetaka liondoke ni nani? Fidelis alisema neno moja tu, "Mimi?" Jirani mmoja akasema kila mtu amemsikia akililalamikia. Bibi akainua kichwa. Akamwambia kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie, kwamba kama ni yeye asikanyage tena shamba lake. Mwenyekiti amesema baraza ni Alhamisi.

Nilipanda pikipiki.

Mimi ni mwongo. Nimeliandika nione linavyokaa.

Jumanne, 17 Juni

Sikuenda popote. Nimekwenda kila mahali. Sokoni, stendi, kanisani mpaka mlangoni, nikageuka. Mahali fulani karibu na soko nimesimama mbele ya duka la majembe mpaka mwenye duka akauliza ninataka lipi.

Ujumbe wa Deo saa tano: "Dada mimi ni mtu wa hapa. Wakiniuliza nitasema nilichoona."

Kwanza nilikasirika. Nilimwita msaliti, peke yangu, chumbani. Halafu nikaona aibu. Yeye ndiye aliyeuliza kuhusu vijiti. Mimi ndiye niliyekuwa na haraka ya kuoga.

Fidelis ana watoto watatu. Deo aliwahi kuniambia. Shamba hilo ndilo linalowalisha.

Jumatano, 18 Juni

Mama amepiga kutoka Bungoma. Kaniuliza kama ninakula. Nikasema ninakula. Kauliza mbona sauti imekwenda chini. Nikasema baridi.

Nimeandika barua kwa Dokta kueleza tanuri lilivyoanguka. Nimesoma nilichoandika. "Wahalifu wasiojulikana." Safi kabisa. Hakuna uongo hata mmoja ndani yake na yote ni uongo. Nimeifuta.

Mama Oliva ameniuliza kama naumwa. Nikamwambia yote. Nilikuwa nimesimama jikoni kwake nikishika sufuria. Aliendelea kuchambua mchele. Halafu akasema, "Baraza ni saa ngapi?" Nikasema saa nne. Akasema basi la alfajiri ndilo litakalokufikisha.

Hakusema kingine. Nilitaka aseme kingine.

Alhamisi, 19 Juni

Kiwanja cha ofisi ya kijiji. Watu wengi kuliko nilivyodhani. Wazee kwenye mabenchi, wanawake chini kwenye majani. Fidelis amekaa mbele peke yake, mke wake nyuma na mtoto mgongoni. Bibi Yustina kwenye kiti cha plastiki, amevaa kitambaa cha kwenda kanisani.

Nilisimama kabla hawajaanza. Mwenyekiti akasema subiri zamu yako. Nikasema nikisubiri sitaweza.

Nikasema Jumatatu nilidanganya. Nikasema vijiti niliviacha, na uzi, kuanzia Ijumaa saa nane, kwa sababu nilitaka kuwahi gari niende Kasanga kutembea. Bibi alinikataza na mimi nikaahidi. Yeyote aliyepita njiani ameona alama. Simjui aliyechimba, lakini hakuna sababu ya kumshika Fidelis kuliko kumshika mtu mwingine yeyote. Nikamtazama, nikamwomba msamaha. Nikamgeukia Bibi, nikashindwa kumaliza.

Kelele. Mzee mmoja alisema wageni ndivyo walivyo. Mwingine akasema afadhali amesema. Mwenyekiti alikasirika kweli: "Ulinidanganya mbele ya mama huyu, na mimi nikamgeuzia kijana wake lawama." Ameandika jina langu kwenye daftari. Atapeleka taarifa halmashauri. Ana haki.

Deo aliulizwa. Akasema ndivyo ilivyokuwa.

Fidelis aliinuka, akamchukua mtoto kutoka mgongoni kwa mke wake, wakaondoka. Hakunitazama hata kidogo.

Nilimfuata Bibi. Akasimama.

"Nilikuomba kitu kimoja," akasema. "Kimoja tu, mjukuu."

"Ndiyo, Bibi."

"Mume wangu angenikuta leo ningemwambia nini?"

Halafu akasema, "Nenda. Leo sitaki kukuona."

Nimekwenda.

Ijumaa, 20 Juni

Barua kwa Dokta imekwenda, ile ya kweli. Amejibu ndani ya saa moja: tafuta eneo lingine, tutazungumza. Hakuna salamu.

Nimefungasha begi. Nimefungua begi. Nimempigia mama, nikamweleza. Akauliza kama nimeomba msamaha. Nimeomba. Akauliza sasa wanavuna nani na nani. Nikasema Bibi na Fidelis na mke wake. Akasema shamba kubwa? Nikasema kubwa.

Sasa nimekaa na begi katikati ya chumba. Nusu limejaa.

Jumanne, 24 Juni

Nimekwenda bila kuitwa. Deo alinishusha njiani, akasema atarudi jioni, na akaongeza kwamba nikifukuzwa nimpigie.

"Shikamoo, Bibi." Marahaba, akasema, na akaendelea kuvunja mahindi. Hakunifukuza. Fidelis alikuwa mstari wa pili. Nilisimama kama mti. Hatimaye mke wake, Gaudensia, akanitupia kiroba kitupu. Nikaanza.

Nimevuna mpaka jioni. Nilidhani najua kuvuna, nimekulia shambani. Miaka ya chuo imeninyang'anya mikono. Malengelenge saba. Chakula cha mchana tulikula wote, ila hakuna aliyezungumza nami isipokuwa mtoto mdogo aliyetaka kujua kwa nini nywele zangu ni fupi kama za mwanamume.

Vipande vya tanuri bado viko palepale. Tunavizunguka.

Nitalala kwa dada yake Deo, Kate, wiki hii.

Ijumaa, 27 Juni

Siku ya nne. Mgongo. Leo Gaudensia ameniambia habari za asubuhi.

Jumatatu, 30 Juni

Mahindi yamekwisha kuingia ghalani. Leo tulikuwa tunapukuchua uani, na Fidelis akaja na futi yangu mkononi. Niliiangusha siku ile ya shimo, sikujua aliiokota. Akasimama mbele yangu.

"Kile ulichokuwa unapima," akasema, "bado kinapimika?"

Nikasema sijui. Nikasema labda chini, kama kitako kipo.

Tukaenda. Tumetoa vipande kimoja kimoja, mimi na yeye, Deo akaja kusaidia mchana. Vikubwa upande mmoja, vidogo upande mwingine. Kufikia saa tisa tukaona duara la chini, limebaki zaidi ya nusu, na matundu manne ya hewa bado na mirija yake ya udongo ndani. Nilipiga magoti. Sikucheka safari hii.

Fidelis alishika mwisho wa futi. Anasoma namba polepole, anazirudia. Halafu akaanza kusema, ghafla, kama mtu anayezungumza na udongo. Baba yake alimwonyesha waliposimama wapakiaji wa mawe ya chuma. Hapa na hapa. Mkaa ulitoka mti gani. Kwa nini mlango uligeuzwa kule, kwa sababu ya upepo wa mwezi wa nane. Nilikuwa naandika mbio kuliko mkono unavyoweza.

Nikamuuliza mbona hakusema mapema.

"Hukuniuliza," akasema. "Uliongea na Bibi na Deo."

Kweli. Sikuwahi kumuuliza kitu. Nilimwona mtu wa trekta.

Bado hajanisamehe, nadhani. Alipima tu. Nimepokea hivyo hivyo.

Jumamosi, 12 Julai

Taarifa imekamilika, kurasa kumi na nane na michoro. Kwenye sehemu ya hali ya tanuri nimeandika kwamba liliangushwa na wachimbaji mwezi Juni mwaka huu, baada ya mtafiti kuacha vijiti vya kupimia shambani kinyume cha agizo la mwenye shamba. Nimeweka jina langu. Mahali halisi sikuandika. Dokta amesema sentensi hiyo si lazima, inatosha kusema liliharibiwa. Nimemjibu kwamba naiacha. Hajajibu. Halmashauri nao hawajajibu. Huenda kibali kikaondolewa, huenda nikamaliza. Sijui.

Leo nimempelekea Bibi Yustina. Aliniambia nimsomee, macho yake hayasomi maandishi madogo. Alikuwa uani, ungo wa maharage mapajani, anachambua. Gaudensia anafua. Jua zuri, upepo umetulia kidogo.

Nimesoma yote. Vipimo, matundu, maneno ya Fidelis na jina lake. Nilipofika kwenye ile sentensi sauti ilitaka kukimbia, nikaisoma taratibu mpaka mwisho. Vidole vya Bibi havikusimama. Nikaendelea na ukurasa uliofuata, penye habari za mumewe na jinsi alivyolima akilizunguka.

"Hapo," akasema.

Nikaweka kidole kwenye mstari.

"Umesema Melkio. Yeye alikuwa Melkiori. Watu wengi walikata jina lake, hakupenda."

Nikatoa kalamu, nikasahihisha. Nikamsomea tena mstari huo. Akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali, akanisogezea ungo nichambue upande wangu.

Tumechambua mpaka Deo alipokuja.